Fundi wa Mazimwi

Mtaani walimwita Mama Vinyago, ingawa hakuwa na mtoto wala hakuwahi kusikitika kwa hilo. Jina lilimjia kwa kazi. Kwa miaka mingi alikuwa amekaa katika kibanda cha mabati nyuma ya uwanja wa michezo, huko nyuma kabisa ya bembea na farasi wa mbao wanaozunguka, akitengeneza mazimwi. Alikata sponji za magodoro yaliyochoka, akazigandisha kwa gundi ya viatu, akazivika mpira wa tyubu. Meno aliyachonga kwa mabomba ya plastiki. Nywele alizisuka kwa katani aliyoiloweka kwenye chai ya rangi mpaka ikafanana na kitu kilichofukuliwa jana. Mikononi mwake walizaliwa Jicho Moja, Bi Kucha na Mla Viatu, ambaye mdomo wake ulipasuka hadi kifuani na ndani mlining'inia viatu vya kweli, vya mguu mmoja mmoja, vile ambavyo watoto walivipoteza wakikimbia.

Wote hao, wakivaliwa na vijana wa uwanja, walikaa ndani ya Nyumba ya Vitisho, bohari la zamani lililogawanywa kwa mbao na vitambaa vyeusi. Watu waliingia kwa mlango wa mbele wakisukumana na kutaniana, wakatokea mlango wa nyuma, hatua chache kutoka kibandani kwake, wameshikana kama waliookoka mafuriko. Mama Vinyago alipenda kusimama hapo na sindano yake mdomoni akiwatazama. Aliwahi kuona bwana mwenye kitambi na saa ya dhahabu akichomoka mbio, mkewe akabaki ndani anamwita. Aliona wasichana wa shule wakitoka wanatetemeka, wakatazamana, kisha bila kuulizana wakarudi kupanga foleni. Hapo ndipo alipojua kuwa amefanya kazi nzuri.

Raha hiyo hakuijulia ukubwani. Bibi yao alikuwa akiwahadithia yeye na mdogo wake, wawili ndani ya shuka moja, nao wakimsihi bibi anyamaze, na akinyamaza wakimsihi aendelee. Zimwi la hadithi linameza kijiji kizima, mbuzi na majembe na kila kitu, halafu hadithi inakwisha na wewe upo palepale, vidole vyako vyote umevihesabu.

Mdogo wake huyo ndiye Cheche. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, na jina alilipata kwa cheche alizorusha akiwa kazini, na kwa ulimi wake vilevile, maana hakuweza kukaa na watu bila kuwachokoza. Siku moja mtungi wa gesi ulivuja pale karakana na moto ukamrukia. Alipona. Sikio moja lilikwenda, midomo ikavutwa upande, kope la jicho la kushoto likashikana na shavu, na ngozi ya shingo na mikono ikawa kama nta iliyoyeyuka ikaganda kabla haijapata umbo. Alipotoka hospitali alihamia kwa dada yake, kwenye vyumba vyake viwili, na hakuonekana nje ila alfajiri, amevaa koti lenye kofia hata wakati wa joto la kukaanga.

Dada mtu alikuwa na hasira tangu siku ile, lakini ilikuwa hasira isiyo na mlango wa kubisha. Mtungi haushtakiwi. Mlango aliupata dukani, asubuhi moja alipokwenda kununua sabuni. Palikuwa na mama mmoja kijana, mtoto wake amejitupa chini hataki kutembea. Yule mama hakupiga wala hakufoka. Aliinama tu akamwambia mtoto, kwa utulivu wa mtu aliyeipata dawa yake na kuijaribu, kwamba akiendelea atamwita Cheche. Mtoto alinyamaza kama taa iliyozimwa. Mwenye duka akacheka.

Mama Vinyago alirudisha sabuni juu ya meza. Akamuuliza yule mama kama anamfahamu huyo Cheche. Akamwambia ni mtu, amezaliwa, ana jina alilopewa na wazazi wake, na ana dada, na dada mwenyewe ndiye huyu aliyesimama hapa. Yule mama aliona haya, akasema pole sana dada, ni mambo ya watoto tu, hakuna mtaa usio na kitu cha kutishia watoto.

"Basi mtishie kwa jina langu," Mama Vinyago alimwambia. "Mwambie akilia utamwita Mama Vinyago. Mimi kutisha ndiyo kazi yangu. Yeye si kazi yake."

Alirudi nyumbani bila sabuni, na Cheche alipouliza sabuni iko wapi alimjibu kwa ukali kwamba imekwisha dukani.

Sasa pale uwanjani palikuwa na meneja, mpwa wa mwenye uwanja, kijana mwenye mashati yaliyopigwa pasi na maneno yaliyopigwa pasi. Siku moja Mama Vinyago alisahau miwani nyumbani, na bila miwani hakuweza kutunga uzi. Cheche alimletea. Alikuja adhuhuri, uwanja ukiwa mtupu, akitembea amejibana ukutani, akampa dada yake miwani na kuondoka. Meneja alikuwa dirishani. Kesho yake alikuja kibandani, akavuta kiti, akaulizia afya ya kila mtu, kisha akasema watu wameanza kuzoea sponji. Siku hizi wanaingia na simu zao, wanapiga picha, wanatoka wanapiga miayo. Wanahitaji kitu kipya.

"Yule ndugu yako, dada yangu, yeye hahitaji hata kinyago," alisema. "Mungu ameshatumalizia kazi."

Mama Vinyago alikuwa ameshika mkasi mkubwa wa kukatia sponji. Aliuweka mezani polepole, kwa sababu hakuuamini mkono wake. Meneja aliendelea kueleza jinsi atakavyomheshimu, kiti chake mwenyewe, mapumziko yake, hakuna atakayeruhusiwa kumsukuma. Watu wa adabu ya namna hiyo ndio wanaoudhi kuliko wote. Wanakutukana huku wamekufutia vumbi pa kukaa. Mama Vinyago alimwambia atoke. Alipotoka, mwanamke yule alikaa akitazama ukuta mpaka gundi ikakaukia koponi.

Jioni alimkuta Cheche jikoni anamenya viazi. Akamsimulia yote, kama mtu anavyomletea ndugu yake tusi alilotukanwa ili walikasirikie pamoja. Cheche hakuacha kumenya. Alipomaliza kiazi alichokuwa nacho alisema, "Nitakwenda."

Dada yake alidhani hakusikia vizuri. Akarudia. Cheche naye akarudia.

"Hapa mtaani natisha bure, Dada, tena bila kupenda," alisema. "Kule kuna foleni. Watu wanatoka makwao, wamevaa vizuri, wanasimama juani ili watishwe. Mimi nataka mara moja tu mtu anione, apige kelele, halafu acheke."

Mama Vinyago alipandisha sauti mpaka jirani akapunguza redio apate kusikia. Alisema watamfanya mnyama wa kufungiwa bandani. Cheche akasema banda ni hiki chumba. Dada akasema watamcheka. Cheche akasema ndilo analolitafuta. Dada alisema kinyago ulichokitengeneza mwenyewe hakikutishi, lakini yeye uso ule hakuutengeneza mtu, na watu wataujua tofauti yake, na siku watakapoujua asije akamlilia yeye. Alisema mengi. Lakini mtu mzima hakatazwi kwa kelele, na Jumamosi ilipofika walitoka pamoja, dada mbele amekunja uso, Cheche nyuma ndani ya kofia yake.

Sharti la dada lilikuwa moja, kwamba na yeye atakuwepo. Akajibanza nyuma ya kitambaa cheusi kwenye kona ya mwisho, ambapo Meneja alikuwa ameweka kiti na taa ya kuwaka kutoka chini. Kundi la kwanza lilikuwa la wasichana. Taa ikawaka, wakapiga ukelele mmoja uliopanda mpaka mabatini, mmoja akamwangukia mwenzake, na kisha, kama alivyoomba, wakacheka. Walicheka kwa kuishiwa nguvu. Mmoja akasema jamani hiki kinyago ni kikali. Cheche akainua mikono na kunguruma, akazidisha kama waigizaji wanavyozidisha. Dada yake peke yake ndiye aliyejua kuwa ule mdomo uliovutwa upande ulikuwa unatabasamu. Likaja kundi la pili, na la tatu. Hasira yake, ambayo alikuwa ameibeba kutoka nyumbani kama ndoo iliyojaa, ikaanza kumtia aibu.

Ndipo akaja baba mmoja amemshika mwanawe mkono. Yule mtoto alikuwa wa wale wasioogopa, wanaotaka kujua kitu kimeunganishwa wapi. Aliuliza kinyago hiki kinavuliwaje. Baba akamwambia ngoja tuone kinapoishia, akanyoosha mkono shingoni kwa Cheche kutafuta ukingo wa mpira. Vidole vikatafuta. Vikapanda mpaka pale palipokuwa na sikio. Cheche alitulia, akamwachia atafute, na alipoona hapati alimsaidia.

"Hakitoki, kaka," alisema kwa upole. "Ni changu."

Yule baba aliuondoa mkono kama aliyeshika waya wa umeme, kisha akaufuta kwenye suruali. Aliufuta mara moja, akaufuta tena. Mama Vinyago aliyaona yote kupitia tundu la kitambaa. Kundi lililokuwa nyuma lilisikia, na habari ikatoka nje kabla yao. Watu walipita mlango wa nyuma macho chini, kama wanaotoka kumtazama mgonjwa asiye na matumaini. Hakuna aliyerudi kwenye foleni. Mwanamke mmoja alikwenda moja kwa moja ofisini kusema kwamba wao walileta watoto kufurahi, hawakuja kuonyeshwa mgonjwa.

Jua halijafika utosini Meneja alikuwa amefika kibandani, ambako ndugu wawili walikuwa wamekaa. Alisema pole nyingi. Alisema yeye binafsi hana tatizo.

"Watu wanapenda kutishwa, dada," alisema. "Hawapendi kusikitishwa."

Hapo kifuniko cha hasira kiliruka. Mama Vinyago alisimama, akamwambia kwamba yeye ndiye aliyemwita mtu huyu, yeye ndiye aliyesema Mungu amemaliza kazi, na sasa Mungu mwenyewe amekataliwa mlangoni. Akasema yule baba alijifuta mkono. Alilirudia hilo mara nyingi, kwamba alijifuta mkono, kwenye suruali, kama aliyegusa jalala, na kabla ya hapo alikuwa anacheka. Sura ilikuwa ile ile. Hakuna kilichobadilika ila kwamba ilikuwa ya mtu. Akachukua mkasi, akaanza kuvishusha vichwa vya mazimwi yake, vilivyopumzishwa siku hiyo, kutoka kwenye misumari ukutani. Jicho Moja alimpasua kati kwa kati. Bi Kucha alimkata nywele zote. Meneja alipaza sauti kwamba hiyo ni mali ya uwanja.

"Sponji ni yenu," alimjibu bila kumtazama. "Sura ni yangu. Nimewalea watu hawa kwa uongo miaka yote, leo wameonyeshwa ukweli dakika moja tu, wamekimbia."

Mkono wake ulikuwa umeshamfikia Mla Viatu, Cheche alipoinuka. Hakumnyang'anya. Alikichukua tu kile kichwa kutoka mikononi mwake, kama unavyochukua kisu kwa mtoto, akakivaa, kikamfunika mpaka kifuani, akatoka nje kwenye jua.

Wakati huo watu walikuwa wametawanyika kwenye bembea na vibanda vya vinywaji. Mtoto wa kwanza alipomwona alikimbia akapiga kelele, wa pili akamfuata, kisha wote wakarudi, wakakimbia tena. Cheche alitembea akiburuta mguu mmoja. Akamvua kijana mmoja kiatu, akakitafuna kwa madaha, akatikisa kichwa kama aliyekuta hakina chumvi, akamrudishia huku ameinama kama mhudumu wa hoteli. Watu wakashika mbavu. Hakuna aliyewahi kukivaa kile kichwa namna ile. Vijana waliokivaa kabla yake walisimama tu ndani yake wakakoroma. Utani wote ambao mtu yule hakuutumia tangu moto ulikuwa umelala ndani yake, na sasa ulitoka wote kwa mpigo. Mikono yake ilikuwa wazi, ile mikono ya nta, na msichana mmoja akauliza nani fundi aliyeitengeneza vizuri hivyo. Na yule mtoto mdadisi wa asubuhi alikuja akaushika mkono mmoja, akawa anazunguka naye uwanja mzima. Baba yake alikuwa kando, amenyanyua simu, anapiga picha na kucheka.

Mama Vinyago aliyaona hayo kutoka mlango wa bohari, na hapo hasira yake ikavuka kila mpaka alioujua. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa yule baba, mkasi bado mkononi.

"Unacheka," alimwambia, na sauti yake ilifika mbali. "Huyo ni yule yule uliyejifuta mkono baada ya kumgusa."

Kicheko kilikatika. Yule baba aliitazama mikono yake mwenyewe. Akamwita mtoto. Mtoto alikwenda huku akigeuka nyuma. Wengine nao walianza kuwavuta wa kwao, taratibu, kwa heshima, na katikati ya uwanja akabaki Mla Viatu amesimama peke yake, mkononi ana kiatu cha mtu ambaye hakukirudia.

Cheche alikivua kile kichwa hapohapo, juani, mbele ya kila mtu. Hakuwatazama watu. Alimtazama dada yake.

"Kwa nini umeniharibia?"

Alimjibu kwamba amemtetea.

"Hukunitetea," Cheche alisema. "Umenivua."

Kisha akakivaa tena, akaenda kumtafuta mwenye kiatu.

Mama Vinyago aliondoka uwanjani saa ileile na hakurudi tena. Meneja hakumbembeleza. Cheche ndiye aliyerudi, kesho yake na siku zilizofuata, na haikupita muda watu wakawa wanakuja wakimuulizia Mla Viatu kama wanavyomuulizia mchezaji wa timu. Dada yake alikodi kona katika duka la mafundi cherehani akawa anashona sare za shule na mapazia, kazi isiyotisha mtu. Nyumbani walikula sahani moja, kila mmoja akitazama upande wake. Alikuwa amewakasirikia wote: yule baba, Meneja, mji mzima unaompenda ndugu yake kwa unene wa sponji, na ndugu yake anayekubali kupendwa hivyo. Na aliposikia tena sikioni neno lile, umenivua, alijikasirikia mwenyewe kwa dakika chache, kisha akarudi kwa wale wengine, maana huko kulikuwa na nafasi zaidi.

Mara moja tu alilisema lililomkaa moyoni. Alimwambia Cheche watu wale hawampendi yeye.

Cheche akasema anajua. "Hata sisi hatukulipenda zimwi la Bibi," alisema. "Tulipenda kwamba halitufikii. Waache nao lisiwafikie, Dada. Mimi ndani mule nacheza."

 Dada yake hakuliafiki neno hilo, na mpaka leo halijamwingia akilini sawasawa. Lakini wiki ile alipokuwa anafua aliona kola ya shati la Cheche ina damu. Aliangalia la pili, nalo lina damu. Mpira wa kile kichwa ulikuwa unaikwaruza ngozi ya shingo, ambayo haikuwa na uwezo wa kujitengeneza upya kama ngozi ya wengine, na Cheche alikuwa ameficha. Mama Vinyago alirudisha mashati ndani ya beseni, akaapiza, akawatukana Meneja na ukoo wake hadi babu, kisha akaenda kununua sponji.

Kichwa kipya alikitengenezea juu ya meza ya jikoni, jioni baada ya jioni, bila kumwambia mdogo wake ni cha nini, na mdogo wake bila kuuliza. Ndani alikipiga bitana ya pamba laini iliyotoka kwenye shuka kuukuu, akashona mishono yote upande wa nje isije ikamgusa. Uzito aliuweka mabegani. Chini ya ulimi alitoboa matundu ya hewa, kwa kuwa pua ya Cheche ilikuwa nyembamba tangu moto. Ndani kulikuwa kama kitanda cha mtoto mchanga. Nje alimwaga kila alichokuwa nacho. Kwa kweli hakuwahi kutengeneza kitu kibaya kama kile, wala kuumba mdomo wenye uchu namna ile. Alikuwa anadunga sindano kama anayemchoma mtu, na kuna wakati alilia, kilio cha kuudhika, akakifuta kwa kiwiko kwa sababu vidole vilikuwa na gundi.

Alipomaliza alikisukuma upande wa pili wa meza. "Jaribu," alisema.

Cheche alikivaa. Alisimama kidogo akisikiliza pumzi yake, ikiingia na kutoka bila kukwama. Akageuza shingo kushoto, akageuza kulia. Akazunguka meza akiburuta mguu, akainama juu ya dada yake akamngurumia sikioni, kama alivyokuwa akifanya ndani ya lile shuka wakiwa wadogo. Mama Vinyago hakucheka. Alikuwa amekasirika bado, na chakula kilikuwa kinapoa.

"Huko uwanjani vaa unavyotaka," alisema. "Humu ndani vua. Nataka kula na mdogo wangu."

Cheche alikivua, akakiweka juu ya kiti cha tatu, wakala.